Mkono wa Kulia Hautoshi

Muhula uliopita, kwenye UE ya sumakuumeme, niliinua kichwa kutoka kwenye karatasi yangu kama dakika ya ishirini hivi. Nilichokiona nusura kinichekeshe. Chumba kizima kilikuwa kinasokota vidole. Mmoja ameinua mkono wa kulia, dole gumba juu, kidole cha shahada mbele, cha kati kimekunjwa pembeni kama anataka kumfinya mtu. Jirani yake anafanya hivyohivyo kwa mkono wa kushoto, anabadilisha, halafu anarudi tena kwenye wa kushoto. Dada mmoja mstari wa mbele aliuzungusha mkono mpaka kiwiko kikamgonga aliyekaa nyuma yake. Msimamizi asiyejua fizikia angedhani tunapeana majibu kwa lugha ya alama.

Swali lilikuwa la kawaida. Kipengele (a): sumaku inasogezwa kuelekea koili, onyesha mwelekeo wa mkondo unaozalishwa. Kipengele (b): koili mbili zimekaa jirani, ya kwanza ina betri na swichi, ya pili haina chochote ila galvanomita. Swichi inazimwa. Mkondo kwenye koili ya pili unakwenda upande gani?

Hapo kwenye (b) ndipo vidole vilipokosa kazi. Kanuni ya mkono wa kulia inataka dole gumba lielekee upande ambao waya unakwenda. Sasa hapa waya hauendi popote. Koili zote mbili zimekaa mezani kimya, swichi tu ndiyo imezimwa. Dole gumba lielekee wapi? Tulipotoka nje nikauliza watu tisa wa kundi letu la diskasheni. Saba walisema walibahatisha. Na mimi nilikuwa mmoja wa hao saba, tusidanganyane.

Nataka kusema jambo ambalo huenda baadhi ya wenzangu wa Fizikia wasilipende. Tumefundishwa mwelekeo wa mkondo kama suala la vidole, na sisi tumekubali, kwa sababu vidole havihitaji kufikiri. Lakini mwelekeo wa mkondo si suala la vidole. Ni suala la nani anayelipa gharama. Na kwa kuwa wengi wetu humu tunasomea ualimu, kosa hili haliishii kwenye sapu. Tunalibeba tunakwenda kulipanda kwa watoto wa watu.

Nasema hivi kwa sababu mimi nimeshalipanda.

Mwaka jana nilikwenda TP kwenye shule moja ya kata. Nikapewa kidato cha nne, mada ya indaksheni. Nikachora koili ubaoni, nikachora sumaku, nikachora mshale wa mkondo, nikainua mkono wangu wa kulia na darasa zima likainua mikono yake. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka kijana mmoja wa dawati la nyuma aliposimama.

“Samahani, mwalimu. Kwa nini mkondo unazunguka upande huo? Ungezunguka upande wa pili ingekuwaje?”

Nikakaa kimya kidogo. Nikamwambia, “Ndivyo kanuni ya Lenz inavyosema. We kariri hivyo, kwenye mtihani inatoka.”

Akasema, “Asante, mwalimu,” akakaa, akaandika. Hicho ndicho kilichoniuma. Aliandika.

Usiku ule nikafungua madesa yangu ya mwaka wa pili. Mlinganyo wa Faraday upo, na mbele yake ipo alama ya kutoa. Chini yake nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: “Alama ya kutoa inatokana na kanuni ya Lenz.” Basi, hakuna neno jingine. Kwenye maabara tulipaswa kuiona hiyo alama ya kutoa kwa macho, lakini mshale wa galvanomita tuliyopewa ulikuwa umekwama, kwa hiyo tulinakili namba za waliotutangulia na kupata alama nzuri tu. Mtu mzima nimefika mwaka wa tatu, nina alama ya kutoa ambayo sijui imetoka wapi.

Aliyenitoa gizani hakuwa profesa. Ni fundi wa kusuka mota aliye karibu na nilipokuwa nimepanga. Nilimpelekea feni yangu iliyoungua.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Leo unafundisha nini?”

Nikamweleza. Hakusema kitu. Akapekua kwenye kopo lake, akatoa mota ndogo iliyong’olewa kwenye printa mbovu, yenye nyaya mbili zinazoning’inia. Akanipa. “Zungusha hicho kijiti.” Nikazungusha kwa vidole, kikazunguka vizuri tu. Akashika zile nyaya mbili, akazigusanisha ncha kwa ncha. “Zungusha tena.”

Jamani, kijiti kilikuwa kizito, kama mtu amemwaga uji ndani ya mota. Akaziachanisha nyaya, kikawa chepesi. Akazigusanisha, kikawa kizito. Hakukuwa na betri. Hakukuwa na umeme wa ukutani. Kulikuwa na vidole vyangu tu.

“Unaona?” akasema. “Ukiupa umeme njia ya kupita, unakudai nguvu. Ukiifunga njia, haukudai kitu.”

Nimeisoma kanuni ya Lenz miaka mingi. Siku ile ndiyo niliishika mkononi.

Sasa ngoja tulijibu swali la yule kijana kama inavyopaswa. Chukua ncha ya kaskazini ya sumaku, isogeze kuelekea koili. Wakati inasogea, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili unaongezeka, na mkondo unaanza kuzunguka. Mkondo unaozunguka nao hugeuza koili kuwa sumaku. Swali ni moja: uso wa koili unaoitazama sumaku yako utakuwa kaskazini au kusini?

Tuseme unakuwa kusini. Kusini huvuta kaskazini. Kwa hiyo koili ingeivuta sumaku yako ndani. Sumaku ingekwenda kasi zaidi, mkondo ungeongezeka, mvuto ungezidi, kasi ingezidi tena. Wewe ungeigusa sumaku mara moja tu kwa kidole, halafu ukae pembeni unakunywa chai huku umeme unajizalisha. Ingekuwa hivyo, nchi hii isingehitaji kukinga mto wowote, na LUKU isingekuwepo. Kila nyumba ingekuwa na sumaku yake na koili yake.

Lakini haipo hivyo, na haiwezi kuwa hivyo, kwa sababu nishati haitoki hewani. Kwa hiyo uso wa koili lazima uwe kaskazini, usukumane na kaskazini yako inayokuja. Ukisimama upande wa sumaku ukaitazama koili, mkondo utauona unazunguka kinyume na mishale ya saa. Kazi unayoifanya kushinda msukumano huo ndiyo inayogeuka kuwa umeme. Wahenga walishasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alama ya kutoa kwenye mlinganyo wa Faraday ndiyo huko kuinama.

Na hapa kuna mtego mwingine ambao wengi tunanaswa. Watu husema mkondo unaozalishwa “unaipinga sumaku”. Si kweli. Unapinga mabadiliko. Sumaku ikiwa inakuja, koili inaisukuma isije. Sumaku ikiwa inaondoka, uso uleule wa koili unageuka kuwa kusini na kuivuta isiondoke, na mkondo unazunguka upande wa mishale ya saa. Sumaku ikitulia ndani ya koili, hata iwe na nguvu kiasi gani, hakuna mkondo. Koili haina ugomvi na sumaku. Haipendi tu kuhamishwahamishwa.

Ukilielewa hilo, kile kipengele (b) kilichotutoa jasho kinajibika bila kuinua hata kidole. Swichi inapozimwa, uga wa koili ya kwanza unapotea. Koili ya pili inapinga kupotea kwake, kwa hiyo mkondo wake utazunguka upande uleule uliokuwa unazunguka mkondo wa koili ya kwanza, ili kuushikilia uga usiishe. Ingekuwa swichi inawashwa, ungezunguka kinyume chake. Hutumii dole gumba hapo, unajiuliza tu nini kinabadilika na nini kitakizuia.

Tukiangalia historia, tunaona kwamba sisi tumeanzia mwisho. Mwaka 1825 huko Geneva, Jean-Daniel Colladon alijaribu kupata umeme kutoka kwenye sumaku. Aliogopa sumaku yake kubwa isije ikasumbua galvanomita, akaiweka galvanomita chumba kingine. Akaingiza sumaku kwenye koili, akatembea kwenda kuangalia. Mshale upo kwenye sifuri. Kumbe ulicheza wakati yeye yuko njiani! Mkondo ulikuwepo pale sumaku ilipokuwa inasogea tu, na yeye alipofika mambo yalikuwa yameshatulia.

Miaka sita baadaye, tarehe 29 Agosti 1831, Michael Faraday jijini London alikuwa na pete ya chuma iliyosokotewa koili mbili, moja kila upande. Alipounganisha betri kwenye koili moja, mshale uliounganishwa na nyingine uliruka kisha ukarudi. Alipoitoa betri, uliruka tena, safari hii upande wa pili. Hicho ni kipengele (b) chetu kilekile. Tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo akaingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa, akaona mshale ukienda huku na huku. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, alianza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, na hesabu hakuwa nazo za kutisha mtu. Alichokuwa nacho ni kuutazama mshale.

Kisha mwaka 1834 Heinrich Lenz, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akachapisha kanuni yake: mwelekeo wa mkondo huwa ule unaopinga mwendo uliouzalisha. Angalia mwaka huo. Hermann von Helmholtz alichapisha andiko lake la uhifadhi wa nishati mwaka 1847. Yaani Lenz aliuona ukweli kwenye koili zake miaka 13 kabla haujapewa maelezo yake mapana.

Na vidole je? Vilikuja mwishoni mwa karne ya 19. John Ambrose Fleming, aliyekuwa akifundisha University College London, alitunga kanuni za mikono kama msaada kwa wanafunzi waliokuwa wakichanganya mielekeo. Wazo zuri la mwalimu mwenye huruma. Lakini ona mpangilio: kwanza watu waliutazama mshale, halafu wakauelewa, halafu ndipo wakatafuta njia ya kukumbuka. Sisi tunaanza na kukumbuka, na huko ndiko tunakoishia.

Mtu ataniambia, sawa, lakini hii inanisaidia nini? Nitazame basi kitu tunachokisikia kila umeme unapokatika. Pale stesheneri nje ya geti jenereta linawashwa, linanguruma vizuri. Mwenye duka anawasha mashine ya fotokopi. Sekunde ileile jenereta linaguna, sauti inashuka, moshi unaongezeka, halafu linajikaza. Nani kalikaba? Hakuna aliyeligusa. Ni kwamba fotokopi imeupa umeme njia ya kupita, mkondo umeanza kuzunguka ndani ya koili za jenereta, na mkondo huo unasukuma kinyume na mzunguko, kama ile mota ya fundi ilivyokataa vidole vyangu. Injini lazima ichome mafuta zaidi. Kila ukurasa wa desa lako umelipiwa kwa mguno ule.

Kuza hilo jenereta. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Jioni watu wanaporudi nyumbani na kuwasha majiko, pasi na feni, mikondo kwenye koili za mitambo inaongezeka, na mitambo inakuwa mizito kuzungushwa. Ili isipunguze mwendo, maji mengi zaidi yanapitishwa kuisukuma. Hata treni ya umeme inaitumia kanuni hiyohiyo: inapotaka kupunguza mwendo, mota zake zinaweza kugeuzwa kuwa jenereta, na uzito ule alionionyesha fundi ukawa breki. Mwanafunzi aliyekariri mkono wa kulia atakuchorea mshale. Hatakuambia kwa nini jenereta linaguna.

Najua pingamizi la kwanza. Mtihani una saa tatu na maswali matano, vidole vinaleta jibu haraka. Nakubali, na sisemi tuvikate. Waya unapokatiza kwenye uga, mkono wa kulia ni chombo kizuri na mimi bado nautumia. Lakini chombo bila maana kinakusaliti siku swali likibadilika kidogo. Na mara ngapi umeona mtu mwenye akili zake timamu anachanganya wa kushoto wa mota na wa kulia wa jenereta? Aliyeelewa Lenz anaweza kuusahihisha mkono wake. Aliyekariri mkono hana cha kumsahihisha.

Pingamizi la pili ni vifaa, na hili ni kweli kabisa. Yule mshale uliokwama sikuuota. Ila tusijifiche nyuma yake. Mota ya printa mbovu ipo kwa kila fundi. Waya wa shaba wa kusukia mota upo. Suka mizunguko 200 au 300 kwenye kipande cha bomba la plastiki, kwangua vanishi kwenye ncha mbili, unganisha na multimita ya mshale, ingiza sumaku, toa sumaku. Mshale utaruka huku, kisha kule. Unataka rahisi zaidi? Toa sumaku kwenye hadi diski iliyokufa, ifunge uzi, iache ibembee, uhesabu inabembea mara ngapi kabla ya kutulia. Kisha ibembeze tena, safari hii ikipita karibu kabisa juu ya kitako cha sufuria nene la aluminiamu lililofunikwa. Aluminiamu haivutwi na sumaku, wote tunajua. Lakini utaona bembea inakufa mapema, kwa sababu mikondo inazunguka ndani ya kitako cha sufuria na inakataa mwendo. Hiyo ni maabara ya hosteli, na baada ya hapo sufuria linapikia wali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na sidhani ni makubwa. Kwa serikali yetu ya wanafunzi: mnaandaa bonanza, mnaandaa usiku wa vipaji, tunawashukuru. Tupeni na jioni moja kila muhula, chumba kimoja na meza chache, tulete mota, koili na sufuria zetu, wa mwaka wa tatu tuwaonyeshe wa mwaka wa kwanza. Kwa walimu wetu, kwa heshima zote: kwenye kila swali la “onyesha mwelekeo”, ongezeni mstari mmoja tu unaosema “na ueleze ingekuwaje kama ungekuwa kinyume”. Mkiliuliza mtihanini, tutalisoma. Mnatujua.

La tatu ni letu wenyewe. Kwenye diskasheni tuache kusomeana madesa kwa Kiingereza huku kila mtu anatikisa kichwa. Siku kundi letu lilipoamua kuelezana Lenz kwa Kiswahili, ilionekana palepale nani ameelewa na nani alikuwa anajificha nyuma ya maneno. Mimi nilikuwa najificha. Ukishindwa kumweleza mwenzako kwa lugha unayoombea chumvi mezani, hujaelewa bado, na hakuna aibu kwenye kusema hivyo.

Yule kijana wa kidato cha nne atakuwa ameshafanya mtihani wake wa taifa. Huenda swali lilitoka na akachora mshale sahihi kwa vidole nilivyompa. Bado namdai jibu mwenyewe, kwa sababu alilistahili siku ile. Kijana, mkondo ungezunguka upande wa pili, mimi na wewe tungepata umeme bila kusukuma chochote, na hakuna aliyewahi kuupata hivyo. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye sikuwa na haki ya kukuambia ukariri.